Tofali Linalolia

Mpunga ukishavunwa na mashamba ya Ifakara kubaki mabua matupu, moshi huanza kupanda kando ya njia ziendazo vijijini. Mgeni hudhani watu wanachoma majani. Ni matanuri ya matofali. Bonde la Kilombero lina udongo mfinyanzi ulioletwa na mafuriko miaka nenda miaka rudi, lina maji, lina vilima vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa, na kuanzia Juni lina jua la kutosha. Mwenye haja ya nyumba huanzia hapo.

Siku moja nilisimama kwenye tanuri lililofunguliwa asubuhi ile. Mwenyewe alikuwa mzee wa rika la baba yangu, vumbi jekundu limemwingia mpaka kwenye mishono ya shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila upande huo usikanyage, bado yana moto ndani."

Aliokota matofali mawili akayagonganisha. Yakatoa mlio mkavu, wa juu, kama bakuli la kigae lililopigwa kijiko. Akayaweka kulia. Akaokota mengine mawili. Haya yalitoa sauti nzito iliyokufa palepale. Akayaweka kushoto.

"Linalolia linajenga," alisema bila kuinua kichwa. "Lisilolia bado ni udongo. Mvua ya kwanza italirudisha kwao."

Tangu siku hiyo, kila nifikapo mbele ya kanisa kuukuu la matofali, liwe la Wakatoliki, la Walutheri, la Wamoraviani au la Wapresbiteri, nautazama ukuta kabla ya mnara. Tumezoea kuyapima majengo haya kwa jina la padri au mchungaji aliyeyaanzisha na kwa mwaka ulioandikwa juu ya mlango. Mimi naamini urithi wake mkubwa umo katika kazi ya mikono iliyotengeneza tofali mojamoja. Kazi hiyo ikisahauliwa, jengo halina wa kulitibu.

Huanza kwa kuchagua udongo. Fundi huuviringa kiganjani kama tonge la ugali, kisha huuvuta uwe mwembamba kama mkia wa panya. Ukikatika upesi, una mchanga mwingi na tofali litamong'onyoka. Ukivutika na kunata kama ulimbo, mfinyanzi umezidi na tofali litapasuka likikauka. Unaotakiwa ni ule wa katikati, na mahali pengi katika Afrika Mashariki mafundi huupata tayari kwenye kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchekecha: wameacha mawe chini, wamepandisha chembe laini na kuzishikanisha. Nimewahi kumwona kijana akikizunguka kichuguu kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

Udongo hutiwa maji shimoni, hukanyagwa kwa miguu, huachwa ulale usiku kucha, kisha hukanyagwa tena. Wenye haraka huruka usiku huo, nao ndio wenye matofali yenye madonge ndani. Kalibu ya mbao huloweshwa na kunyunyiziwa mchanga au majivu ili udongo usigande. Halafu linakuja tendo la mkono ambalo ningeweza kulitazama kutwa nzima. Fundi hauweki udongo ndani ya kalibu. Anautupa kwa nguvu, tonge zima kwa pigo moja, uende mpaka kwenye pembe zote nne. Pembe iliyobaki na hewa ndiyo itakayovunjika siku ya kupakua. Anapitisha kijiti juu kukata ziada, anakimbilia uwanjani, anageuza, anainua kalibu taratibu, na tofali linabaki chini likiwa limelala bapa, jororo, likimetameta kama samaki.

Kukausha kuna adabu yake. Jua kali likilipata tofali bichi, ngozi hukauka kabla ya moyo, na ngozi hiyo hupasuka. Kwa hiyo matofali hufunikwa nyasi siku za mwanzo, hugeuzwa ubavu, hupangwa kwa kuachiana nafasi, na mwenyewe huchungulia mawingu kama mkulima. Mvua moja ya ghafla huondoka na kazi ya wiki mbili.

Kisha tanuri. Chini huachwa mahandaki ya kuwekea magogo. Juu yake matofali hupangwa kwa mpishano ili moto upenye hadi kileleni. Nje hukandikwa tope. Ifakara na vijiji vyake pumba za mpunga zimesaidia sana kupunguza magogo, na ni jambo la kushukuru, maana tanuri lina njaa kubwa na misitu yetu haina cha ziada. Siku ya kwanza moto huwa mdogo. Moshi mweupe unaotoka ni maji yaliyojificha ndani ya udongo, nayo lazima yatoke polepole. Ukiwasha kwa pupa yanageuka mvuke na kulipasua tofali kutoka ndani. Moshi ukibadilika na kuwa mwembamba, ndipo moto hupandishwa. Tofali huiva vizuri kwenye joto la nyuzi 900 za Selisiasi na zaidi. Hapo hakuna kipimajoto. Fundi huinama kwenye tundu usiku wa manane, akatazama rangi: nyekundu ya damu bado, rangi ya chungwa imekaribia. Inapofika pale anapopajua yeye, huziba midomo yote kwa tope na kwenda kulala kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili au tatu. Baada ya hapo kazi ni kungoja tu, wiki moja au zaidi. Anayefungua mapema hewa baridi humvunjia nusu ya mali.

Likifunguliwa, tanuri haliwi na tofali la aina moja. Yaliyokaa karibu na moto yamekuwa meusi, magumu, mengine yameyeyuka kidogo kama kioo. Ya katikati ni mekundu. Ya pembeni ni mepesi na rangi imepauka. Fundi mzuri hatupi mengi: meusi yasiyopinda huenda kwenye msingi, ambako maji hayayawezi, mekundu huwekwa nje yakabiliane na mvua, yaliyopauka huwekwa kwenye kuta za ndani. Ukiijua siri hii unaweza kuusoma ukuta wa zamani na kujua aliyeujenga alikuwa na akili ya namna gani.

Pwani walikuwa na matumbawe na chokaa. Kanisa Kuu la Mkunazini kule Unguja, lililowekwa jiwe la msingi mwaka 1873, limetokana na ufundi huo wa Waswahili wa miji ya mawe. Bonde la Kilombero halina matumbawe, na bahari iko mbali. Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani walipofungua misheni ya Kwiro huko Mahenge mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye Wakapuchini wa Uswisi walipokabidhiwa kazi hiyo mwaka 1921, waliotaka kujenga jengo la kudumu walilazimika kuanza na kitu kilichokuwa chini ya miguu yao. Miongoni mwao walikuwamo mabruda waliokuwa waashi na maseremala kwa taaluma, na misheni ikawa pia karakana. Lakini bruda mmoja hajengi kanisa. Waliokanyaga udongo, waliokata kuni, waliobeba vichwani na waliokesha na moto walikuwa Wapogoro, Wandamba, Wambunga, Wabena na jamaa zao. Wengi wao walikuwa wameuzoea udongo kabla bruda hajafika: nyumba zao zilikandikwa, vyungu vya wake zao vilichomwa. Kilichokuwa kigeni kwao ni umbo lenye pembe nne na desturi ya kulirudia mara elfu bila kukosea.

Tukumbuke pia kitu ambacho hawakuwa nacho. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha saruji. Cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kabla ya hapo mfuko wa saruji ulikuja kwa meli, kisha kwa reli, kisha kwa njia zilizokatika kila masika, na kule Kilombero kwa mtumbwi au kichwani. Nondo nazo vivyo hivyo. Kwa hiyo mafundi wa zamani hawakuwa na lenta ya zege ya kulaza juu ya mlango. Walikuwa na tao.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa kuwa tao ni jambo la kustaajabisha na tunapita chini yake kila Jumapili bila kuinua macho. Tofali linabeba uzito mkubwa likibanwa. Likivutwa au kupindwa, linakatika. Ukilaza matofali juu ya uwazi kwa mstari ulionyooka, yanaanguka. Ukiyapanga kwa mviringo, kila moja linamwegemea jirani yake, uzito unateremka pande zote mbili mpaka kwenye kuta, na kadiri unavyolibebesha, ndivyo linavyozidi kukazana, mradi kuta za pembeni hazisogei. Fundi hutengeneza kwanza tumbo la mbao lenye umbo la tao, hupanga matofali juu yake kutoka kushoto na kulia kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili mbao zisielemee upande mmoja. La mwisho ni la katikati kabisa. Likishaingia, tao linajishika lenyewe. Saa ya kuondoa mbao ni saa ya kimya. Nimeiona mara moja tu, mafundi wote walisogea nyuma hatua moja, na mmoja wao alibaki ameweka kiganja ukutani.

Mahali ambapo ufundi huu ulifika mbali kuliko popote ninapopajua katika nchi za jirani ni kusini mwa Ziwa Nyasa, Blantyre, Malawi. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote lilijengwa na misheni ya Kanisa la Uskoti kati ya mwaka 1888 na 1891, na leo ni la Kanisa la Kipresbiteri la Afrika ya Kati. Wapresbiteri wa Uskoti wa siku zile walizoea nyumba za ibada zisizo na mapambo mengi. Hili lina minara miwili isiyofanana, lina kuba, lina matao juu ya matao, na uso wake umejaa mikanda na mapambo ya matofali yanayobadilika kivuli kila saa jua linaposogea. Aliyelichora na kulisimamia, David Clement Scott, alikuwa mchungaji. Hakuwa amesomea usanifu wa majengo. Watu wa pale waliolijenga naye hawakuwa wamewahi kuliona jengo la namna hiyo.

Inaelezwa kwamba kanisa hilo lilihitaji matofali ya maumbo 81. Msomaji asiyewahi kushika kalibu anaweza kuipita tarakimu hii haraka, kwa hiyo naomba turudi kwa yule mzee wa Ifakara. Yeye ana kalibu moja. Maumbo 81 ni kalibu 81, kila moja imechongwa kwa mkono, na kila moja kubwa kuliko tofali linalotakiwa, kwa kuwa udongo hupungua ukikauka na hupungua tena ukiungua. Anayechonga lazima ajue utapungua kiasi gani. Tofali la nguzo ya duara linatakiwa kuingia sawasawa na jirani zake. Likizidi kidogo, nguzo inapinda. Likipungua, tope linajaa kwenye maungio na nguzo inakuwa dhaifu. Tofali lenye ncha nyembamba huungua haraka kuliko lenye tumbo, kwa hiyo hata mahali lilipowekwa ndani ya tanuri palihitaji kufikiriwa. Mtu alikuwa akipanga mamia ya matofali ya maumbo tofauti ndani ya moto mmoja na kuyakumbuka. Sidhani walikuwa na kitabu cha kufungua. Walikuwa wakijifunza kwa tanuri lililopita ili wapange vizuri lijalo.

Jina linalotajwa kila mara ni la Scott, naye anastahili. Mtu huyo huyo alichapisha mwaka 1892 kamusi kubwa ya Kimang'anja, na ukiangalia kamusi na kanisa pamoja unaona tabia moja: kuamini kwamba kilichopo mahali hapo, lugha au udongo, kinatosha kwa kazi kubwa. Mwaka 1901 alihamia Kikuyu, Kenya, ambako misheni ya Waskoti ilikuwa ikianza, na akafariki huko mwaka 1907. Mizizi ya Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki pale Thogoto inapita kwenye mikono yake. Lakini mimi nawafikiria zaidi walioondoka Blantyre na ujuzi wa kalibu 81 vichwani mwao, wakarudi vijijini kujenga shule, maduka na nyumba.

Ujuzi ukishaingia mikononi haumwombi mtu ruhusa. Si mbali na Blantyre, huko Chiradzulu, mchungaji John Chilembwe na waumini wake walijenga kanisa lao kubwa la matofali, likakamilika mwaka 1913, na halikuwa chini ya misheni yoyote ya Wazungu. Januari 1915 waliinuka dhidi ya ukoloni, Chilembwe akauawa, na serikali ikalibomoa kanisa lile. Ingeweza kulifunga au kuligeuza ghala. Nadhani waliolibomoa walielewa ukuta ule ulikuwa ukisema nini, kwamba watu weusi walikuwa wamechoma udongo wao wenyewe na kuusimamisha juu kuliko nyumba ya bwana shamba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema makanisa ya enzi ya mkoloni ni urithi wa mkoloni. Mchoro unaweza kuwa wake. Alama za vidole zilizobaki kwenye tofali ni za kwetu, na si maneno ya kupamba: angalia vizuri matofali ya zamani, utaona mahali kidole gumba kilipobonyeza udongo ukiwa bado mbichi, na mara mojamoja unyayo wa kuku au wa mbwa aliyekatiza uwanjani.

Sasa niseme linaloniuma. Kanisa moja bondeni, ambalo sitalitaja, nilikuwa nikilipenda tangu utotoni. Lilikuwa la matofali yasiyopigwa lipu, rangi ya maembe yaliyoiva upande mmoja. Kamati ya ukarabati, kwa nia njema kabisa na kwa michango ya waumini, ililipiga lipu ya saruji nje na ndani, ikapaka rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua. Lilipendeza kwa mwaka mmoja. Masika ya pili lipu ilianza kutoa magadi meupe karibu na sakafu, kisha ikavimba, kisha ikaanguka vipande, na kila kipande kilichoanguka kiliondoka na uso wa tofali.

Sababu si uchawi wala mchanga mbovu. Ukuta wa zamani hauna kitu cha kuzuia maji yasipande kutoka ardhini. Umejengwa ili maji yapande kidogo na kutoka tena, kupitia tofali lenyewe na kupitia maungio ya udongo au chokaa ambayo ni laini kuliko tofali. Unapumua. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kirahisi. Ukiuvika ukuta huo saruji, maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inageuka chembe zinazosukuma na kulichubua tofali. Katika ukuta wa zamani maungio yalikusudiwa kuwa dhaifu kuliko tofali, ili kitakachoharibika kiwe kile kinachoweza kujazwa upya kwa mwiko na karai katika siku chache. Saruji inaugeuza mpango huo: maungio yanabaki, tofali linakufa.

Nilimpelekea yule mzee picha za ukuta ule. Alizitazama kwa muda mrefu, akanirudishia simu. "Walimfunga mdomo," alisema.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Kwanza maji ya mvua: mabati yasivuje, mifereji ielekee mbali na msingi, udongo uliorundikana ukutani uondolewe mpaka msingi uonekane. Hiyo peke yake hutibu zaidi ya nusu ya ugonjwa. Kisha maungio yaliyomomonyoka yakwanguliwe kwa mkono na kujazwa kwa chokaa na mchanga. Tofali lililokufa litolewe, na mahali pake pawekwe tofali jipya la saizi ile ile lililochomwa kwa udongo wa pale pale. Hapo ndipo tunaporudi kwenye tanuri. Dukani hakuna tofali la mwaka 1930. Yupo mtu anayeweza kuchonga kalibu kwa kipimo cha lile la zamani, akakadiria udongo utapungua kiasi gani, akachoma mia mbili ya ziada ili apate hamsini yanayolingana kwa rangi na mlio. Watu hao bado wapo Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge, na wengi wao wana mvi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaiwezesha serikali kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu ya kulindwa, na kuna majengo ya ibada ninayotamani yaingizwe humo. Lakini jengo la kijijini haliwezi kungoja tangazo. Tangu mwaka 2012 Ifakara ni jimbo la Kikatoliki linalojitegemea, lililomegwa kutoka Mahenge. Parokia zinakua, waumini wanaongezeka, na kila mwaka panakuwa na kamati mpya inayokaa kujadili kanisa la zamani ambalo sasa ni dogo. Wengine husema livunjwe lijengwe la kisasa. Wengine husema lipigwe lipu.

Wewe uliye katika kamati kama hiyo, iwe ya parokia ya Kikatoliki, usharika wa Kilutheri au ushirika wa Kipresbiteri, nakuomba jambo moja kabla hamjanunua mfuko wa kwanza wa saruji. Mwiteni mzee anayechoma matofali. Mpeni kiti asubuhi moja mbele ya ukuta, mwacheni augonge anavyotaka, na akisema, andikeni.